Mgongo wa Chuma na Betri Mbili

Kosa lilikuwa la adabu. Asubuhi ya safari, Chuma alipomaliza kupakia gari, mama mkwe wake alikuwa amesimama kibarazani kuwaaga. Chuma, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema, "Mama, si ungekuja tukaondoka wote."

Hayo ni maneno ya kusema tu, kama mtu anavyokukaribisha chakula huku anakung'uta makombo. Hujibiwa kwa ahsante, baba, nendeni salama. Mama mkwe hakujibu hivyo. Aliomba dakika kumi, akaingia ndani, na dakika kumi baadaye akatoka na masanduku matatu, pasi, blenda, na birika la umeme alilolikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Mke wa Chuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alimtazama mumewe kwa jicho la umeyataka mwenyewe, kisha akampokea mama yake sanduku moja.

Chuma alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu kwa miaka thelathini na miwili. Jina hilo alipewa na abiria, kwa sababu aliweza kukaa kwenye usukani saa kumi na nne, akashuka ananyoosha shati kama aliyetoka kwa kinyozi. Pacha wake wawili walipokwisha kuoa na kuolewa, alistaafu, tena miaka miwili kabla ya wakati, akawaambia watu kwamba amechoka kupita mahali pazuri kwa kasi. Akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Ubavuni lilikuwa bado na maandishi, yaliyopakwa rangi yakagoma kufutika: MKATE MPYA KILA SIKU. Jua likiwaka sana, bati lilitoa harufu ya hamira, na popote walipoegesha kuna mtu aliyekuja kuuliza bei.

Kwa miezi minane Chuma na fundi umeme mmoja aliyekuwa mchache wa maneno waliligeuza lile gari kuwa nyumba. Nyuma kitanda, katikati benchi lililokunjuliwa likawa kitanda cha pili, pembeni jiko dogo la gesi na friji lenye kimo cha mbuzi. Kulikuwa na meza ya kukunja kwa ajili ya cherehani, maana Mama Pacha ni fundi wa nguo na alikwisha sema kwamba haendi popote bila cherehani yake ya umeme. Mbele, pazia zito lilitenga sehemu ya dereva na chumba. Juu ya paa paneli mbili za sola. Chini ya benchi betri mbili, kila moja nzito kama tofali la chuma, na kando yao inveta, lile sanduku linalochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Ukutani kipimo chenye kioo kidogo kilichoonyesha umeme ulioingia na uliotoka.

Siku ya kukabidhi kazi, fundi umeme alitoa hotuba yake yote ya miezi minane kwa pumzi moja. Alisema kinachozunguka ni mgeni mstaarabu, atakula kidogo na kuondoka. Kinachotoa joto ni mlafi, atakula mpaka sufuria. Na betri hizi usizishushe chini ya nusu, ukizizoesha hivyo zitakufa mapema. Chuma aliitikia kila neno. Halafu, mke wake akiwa hayupo, alimwomba fundi aongeze soketi moja mbele, nyuma ya kiti cha dereva. Fundi hakuuliza ya nini.

Basi, safari ikaanza na watu watatu badala ya wawili, na tatizo likaanza na chai.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka kumi na tisa mkuu wa shule ya bweni ya wasichana. Hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Mwalimu, na wengine waliendelea kuficha sigara wakimwona. Alikunywa chai mara sita kwa siku. Jiko la gesi hakulitaka hata kulisogelea, kwa sababu mpishi wa shule yake aliwahi kuwasha gesi kwa pupa na kupoteza nyusi zote mbili, na muhula mzima akawa na sura ya mtu anayeshangaa, jambo lililoharibu nidhamu katika foleni ya chakula. Kwa hiyo chai yake ilichemshwa kwa birika la umeme. Wati elfu mbili. Kila alipolibonyeza, taa zilififia kidogo, feni ya inveta ikavuma kama ndege inayotaka kuruka, na Chuma akakimbilia kutazama kipimo.

Kumwambia hakuweza. Mtu anaweza kubishana na askari wa barabarani, anaweza kumtoa mlevi kwenye basi kwa kola ya shati, lakini hawezi kumwambia mama aliyemzaa mke wake, mama chomoa birika lako. Mdomo wenyewe unakataa. Alimwomba mke wake amwambie. Mama Pacha, huku anatunga uzi kwenye sindano, alimjibu kwamba mama yake hajawahi kufundishwa hesabu na mtu, na kwamba yeye hataki kuwa wa kwanza. Isitoshe, aliyemkaribisha nani?

Chuma akajikaza kisabuni. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili ikapita. Siku ya tatu wingu lilitanda tangu asubuhi. Walikuwa wameegesha kwenye uwanja mpana kando ya bwawa, penye bomba la maji na miti michache. Mama Pacha alikuwa anashona, Chuma yuko chini anakagua matairi. Mwalimu alichomeka pasi ili anyooshe gauni la kushindia, na kwa kuwa pasi inachukua muda kupata moto, akabonyeza na birika.

Inveta ilipiga mlio mmoja mrefu, mkali, wa mbuzi aliyekanyagwa, ikazima. Cherehani ikakwama katikati ya mshono.

"Umeme umekatika," Mwalimu alisema kwa utulivu wa mtu aliyeishi na mgao miaka mingi. Akachungulia dirishani. "Mkwe wangu, hebu wapigie hao watu wa umeme uwaulize unarudi saa ngapi."

Chuma alisimama pale chini, spana mkononi. Alimwangalia mke wake, na mke wake akaangalia mshono.

"Mama," alisema hatimaye, "hao watu wa umeme ndiyo mimi."

Sasa ilibidi aeleze. Alieleza akiwa ametazama chini, kama desturi inavyotaka mbele ya mkwe, kwa hiyo mtu aliyepita pale angedhani anaungama kwa gurudumu. Alisema betri ni kama tangi, si kama mto. Alisema tangi hujazwa na jua, na pia na injini gari likiwa njiani, na leo wameegesha na jua halipo. Alieleza habari ya wati, ya nusu, ya wanaozunguka na wanaotoa joto. Kuhusu birika alipita kwa mbali sana, akasema tu kwamba kuna vyombo vingine, bila kuvitaja, vina hamu kubwa.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Halafu alivaa miwani, akatoa daftari la mistari na kalamu nyekundu, akamwagiza binti yake ageuze kila chombo tumbo juu ili asome kibandiko chake. Alikaa mezani nusu saa akikokotoa. Chuma na mke wake walikaa nje kwenye ngazi kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Alipowaita aliwaonyesha ukurasa. Betri zote mbili zikiwa zimejaa, bila kupita nusu, zina wati-saa elfu moja na mia mbili za kutumia. Friji peke yake linakula mia nne na hamsini kwa siku. Cherehani, kwa saa tatu za kazi, mia mbili na arobaini. Taa na simu, sitini. Akashusha kalamu hadi mstari wa mwisho, akaupigia mstari mwingine chini yake, mwekundu.

"Birika, mara sita kwa siku, elfu moja na zaidi," alisema. "Yaani mimi nakunywa betri nzima. Kwa nini hamkuniambia?"

Alimtazama mkwe wake, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa kama aliyekuta darasa zima limefeli swali jepesi.

Kuanzia hapo nyumba ile ya magurudumu ilipata uongozi. Ratiba ilibandikwa juu ya friji. Simu zote zilichajiwa saa nne hadi saa sita, jua likiwa kali. Cherehani ilipewa vipindi vitatu vyenye mapumziko. Pasi ilipewa dakika ishirini Jumatano na Jumamosi, na atakayekunja nguo vibaya atavaa mikunjo. Blenda ilipandishwa kabatini ikasamehewa makosa yake. Birika lilibaki na zamu mbili, asubuhi na jioni, maji ya vikombe vitatu tu, na chai nyingine zote Mama Pacha angezichemsha kwa gesi wakati Mwalimu yuko nje, mbali, ameshika nyusi zake. Kila alfajiri na kila machweo Mwalimu alisimama mbele ya kioo cha kipimo na kuandika namba daftarini.

Chuma alifurahi kupita kiasi. Kwa siku nne inveta haikulia hata mara moja. Alimwambia mke wake kwamba kama angejua, angemkaribisha mama safari iliyopita, na mke wake akamkumbusha kwamba hakukuwa na safari iliyopita.

Ila siku ya tano hesabu haikukaa. Mwalimu alijumlisha, akatoa, akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu. Wati-saa mia mbili zilikuwa zimeondoka bila kuaga. Siku ya sita zikaondoka nyingine mia na tisini. Akaanza kukisoma kipimo kila saa, na kufikia siku ya nane alikwisha jua wakati: kati ya saa nane na saa kumi mchana. Aliitisha kikao cha dharura, akatangaza kwamba ndani ya gari lile kuna mwizi wa umeme.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa binti yake, maana mzazi huanza na wake. Mama Pacha alijitetea, kisha akaudhika, kisha akaifunika cherehani na kushona kwa mkono siku nzima huku akijichoma vidole kwa makusudi, ili ionekane. Mia mbili zikapotea vilevile. Likafuata friji. Mwalimu alilifungua, akaligonga mgongo, akasikiliza kama daktari. Friji halikuwa na hatia. Chuma aliulizwa yeye huwa wapi saa hizo. Alisema huwa mbele, anakagua injini na kupumzisha macho. Jibu lilikubalika bila swali la pili, kwa sababu mkwe ni mkwe, na pia kwa sababu wanaume wa rika lile wanajulikana kwa kukagua injini.

Siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, Mama Pacha alichukua ndoo ya nguo akaenda bombani. Mwalimu alivaa kofia, akachukua fimbo yake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba anakwenda kutembea kando ya bwawa na hatarudi kabla ya saa kumi. Alitembea hadi mti wa tatu. Akakaa kwenye jiwe, akatazama saa yake ya mkononi. Ilipotimu saa nane na nusu alirudi kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Kioo cha kipimo kilionyesha umeme ukitoka. Wati tisini na tano, thabiti. Na kutoka nyuma ya lile pazia la mbele ulikuja mvumo wa chini, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na juu ya mvumo huo sauti ya mkwe wake, laini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Hapo," ilisema. "Hapo hapo. Usihame. Aa, mama yangu we."

Mwalimu alikuwa ameongoza bweni miaka kumi na tisa. Sauti za aina hiyo nyuma ya milango alikuwa amezisikia, na alijua kinachofuata. Aliweka viatu chini. Aliokota ufagio. Akalivuta pazia kwa mkono mmoja hadi pete zake zikagongana.

Chuma alikuwa amelala chali kwenye kiti kirefu cha mbele, cha dereva na abiria, kifua wazi, mkanda umelegezwa, macho amefumba. Alipoyafungua aliuona ufagio kwanza, kisha mama mkwe wake nyuma ya ufagio. Alijaribu kuinuka kwa haraka. Mgongo ulimkamata katikati, akabaki amepinda hapo, hajalala wala hajakaa, kama kisu cha kukunja kilichoshika kutu.

"Yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Nani, mama?"

"Huyo unayemwambia hapo hapo."

Chuma, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika kiti asianguke, alionyesha kwa kidevu. Chini yake palikuwa na godoro jembamba, jeusi, lenye waya, na ndani yake vidude fulani vilivyokuwa vikizunguka taratibu, vinapanda na kushuka, kama paka wanaopigana ndani ya mto. Mwalimu aliweka kiganja juu yake. Lilikuwa la moto. Linazunguka na linatoa joto, vyote kwa pamoja. Alifuata waya hadi kwenye soketi iliyofichwa nyuma ya kiti, akauchomoa, na mvumo ukakatika.

"Wati tisini na tano kwa saa mbili," alisema. "Mia na tisini." Kwa nukta moja uso wake ulikuwa na raha kabisa, raha ya hesabu iliyokaa. Halafu akamtazama vizuri yule mtu aliyepinda. "Umeumia nini?"

"Si kitu, mama."

"Vaa shati, mkwe wangu. Halafu uniambie hicho kisichokuwa kitu."

Kuvaa shati kulimchukua Chuma muda mrefu, na mikono yake haikupanda juu ya mabega. Mwalimu aliliona hilo, akalivuta shati kwa nyuma akamsaidia kuingiza mkono wa pili, jambo ambalo hakuna mama mkwe anayelifanya na hakuna mkwe anayelikubali. Kisha wakakaa, yeye upande wa abiria na Chuma kwenye usukani, wote wanatazama mbele kupitia kioo cha gari, na kwa kuwa hawakutazamana, Chuma aliweza kusema.

Alisema ni mwaka na nusu sasa. Ulianza kama mchomo wa sindano, ukawa wembe, ukawa unashuka mpaka mguuni. Daktari alipiga picha akamwonyesha pingili mbili zilizosagana, akamwambia usukani sasa basi. Ndiyo maana alistaafu mapema. Hayo ya kupita mahali pazuri kwa kasi aliyatunga njiani akirudi nyumbani. Aliona aibu. Watu waliomwita Chuma wangemwitaje? Akanunua gari la mikate ili mikono yake isikose cha kushika, na akanunua godoro lile la kukanda mgongo akalificha chini ya kiti, kwa sababu bila kulilalia saa mbili kila mchana asingeweza kuendesha kesho yake. Ratiba ilipobandikwa alijizuia siku nne, ya tano mgongo ukamshinda.

Mwalimu aliuweka ufagio chini.

"Mficha uchi hazai," alisema.

Chuma alitaka kusema kwamba yeye ameshazaa, tena pacha, lakini akaona si mahali pake.

Mama Pacha aliporudi na ndoo aliwakuta wamekaa hivyo, na godoro limelazwa kwenye nyasi kama kielelezo mahakamani. Alielezwa. Mama yake alieleza, kwa ufupi na kwa tarakimu. Mama Pacha hakuuliza chochote kuhusu umeme. Alianza kuanika nguo, moja baada ya nyingine, akizikung'uta kwa nguvu mpaka maji yakawarukia, na alipofika kwenye shati la mwisho akageuka.

"Mwaka na nusu," alisema. "Mgongo ninaolala nao kitanda kimoja. Unaniachia nikuambie ubebe mtungi wa gesi, nikuambie ulaze kabati ubavu, na wewe unanyanyua tu."

"Sikutaka uone nimechakaa."

"Nani alikwambia nilikupendea huo mgongo?"

Mwalimu alikohoa. Mama Pacha akakumbuka mama yake yupo, akarudi kwenye kamba ya nguo, ila mabega yalikuwa yakitikisika, na Chuma hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipomfikia. Vilikuwa vyote viwili. Alisimama karibu naye, akamshikia vibanio vya nguo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee mgongo wake ungeiruhusu kwa wakati ule.

Jioni kikao kiliketi mezani. Chuma alisema neno lake kwanza, neno alilolipanga: warudi nyumbani. Gari aliuze, au aliegeshe uani kuku walalie humo. Hawezi kuwaendesha kwa mgongo huu, na hawezi kula umeme wa cherehani kila siku.

Mwalimu alifungua daftari. Alisema amelitazama suala lote, na kuna jambo moja ambalo Chuma mwenyewe alilieleza siku ile akiongea na gurudumu, nalo ni kwamba injini ikiunguruma inajaza betri zote, jua liwepo lisiwepo. Kwa hiyo gari likiwa njiani, godoro lile linaweza kuwaka kutoka asubuhi mpaka jioni bila kumdhulumu mtu. Friji litakula, cherehani itakula, mgongo utakula. Hesabu inakaa. Ila kuna sharti moja. Mwenye mgongo awe amelala benchini, si kwenye usukani.

"Na usukani atashika nani, mama?" Chuma aliuliza. "Gari halijiendeshi."

Hapo Mama Pacha aliinuka, akaenda kwenye kikapu chake cha vitambaa. Alichimba chini ya nyuzi, chini ya vifungo, chini ya tepu ya kupimia, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha hariri. Akakiweka mezani mbele ya mumewe. Ilikuwa leseni ya udereva, yenye picha yake, imehuishwa mara mbili.

Chuma aliigeuza huku na huku kama noti anayoishuku.

Ilitoka miaka sita iliyopita. Alijifunza zile wiki ambazo mumewe alikuwa safari ndefu, na kama malipo alimshonea mwalimu wa udereva suti mbili na sare ya mtoto wake. Hakuwahi kusema, kwa sababu siku moja, wakiwa mezani na wageni, Chuma alisema kwamba madereva wawili nyumba moja ni majogoo wawili bandani, na watu wote wakacheka. Yeye pia alicheka. Kesho yake akaenda kujiandikisha.

Mwalimu alivua miwani akaifuta taratibu. Chuma alisubiri hasira imjie, maana alihisi anayo haki, lakini kila alipoitafuta alikuta godoro jeusi limelala njiani. Mtu aliyeficha mgongo anapata wapi ujasiri wa kuuliza habari ya leseni?

"Basi la abiria uliwahi kujaribu?" aliuliza mwishowe.

"Lori la mchanga," Mama Pacha alisema. "La mwalimu wangu wa udereva. Mara tatu."

Asubuhi iliyofuata walikunja kamba ya nguo na kuondoka. Mama Pacha alikaa kwenye usukani, mto mmoja chini na mwingine mgongoni, akavuta kiti mpaka kifua kikagusa honi, na honi ikalia, na ndege wote wa bwawani wakaruka. Mwalimu alihamia kiti cha mbele na daftari lake. Pazia lilifungwa pembeni kwa utepe. Chuma alilazwa benchini katikati ya nyumba yake, godoro chini yake likipanda na kushuka, kipimo ukutani kikionyesha umeme unaoingia ni mwingi kuliko unaotoka.

Gari liliondoka kwa kuruka mara mbili, kama sungura, kisha likatulia. Dakika tano za mwanzo Chuma alijitahidi. Dakika ya sita akasema gia ya tatu. Akasema kuna lori nyuma. Akasema hiyo kona usiingie nayo hivyo, ingia nayo kwa breki, hapana, si breki hiyo. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga hewa. Miaka thelathini na miwili alikuwa amewachukia abiria wa aina hii kuliko alivyowachukia wenye kutapika, na sasa maneno yalimtoka yenyewe, kwa sauti zao.

Mwalimu aligeuka nusu.

"Abiria," alisema, "tulia kwenye kiti chako."

Chuma akatulia. Joto la godoro lilimwingia pole pole, pingili kwa pingili, na barabara ikawa inapita chini yake bila kumuuliza chochote. Alisikia wanawake wawili wanabishana kuhusu vibao viwili vya njia panda, kimoja kinasema mjini na kingine kimebomoka hakisemi kitu. Alitaka kuwaambia. Njia hiyo aliipita mara mia. Usingizi ukamzidi nguvu kabla hajafungua mdomo.

Alipoamka jua lilikuwa limekaa upande mwingine wa gari. Aliinua kichwa, akatazama dirishani. Kulikuwa na vilima asivyovijua, barabara ya changarawe asiyoijua, na ng'ombe mmoja aliyesimama katikati ya njia huku Mama Pacha akimsubiri apite, mkono mmoja nje ya dirisha kama dereva wa siku nyingi.

"Tuko wapi?" Chuma aliuliza.

"Sijui," mke wake alisema, bila wasiwasi hata kidogo.

Chuma alifikiria kuuliza zaidi. Kisha akageukia upande wa pili, taratibu, na mgongo ukamruhusu.